Asiyekula Figo

Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku ile nikifika kwa akina Sila sitafungua kinywa ila kwa kula. Mimi na mdomo wangu tunajuana. Bi Swaumu, mama aliyenilea, naye hakuniamini, kwa hiyo alinihubiria njia nzima kutoka juu ya punda wa kukodi.

"Mwali anayekwenda kutazamwa hasemi, Mwanne. Anainama, anatabasamu, anakula kidogo, basi. Mashairi yako yaache huko huko Dodoma."

"Ndiyo, mama."

"Na ukiulizwa kwenu wapi?"

"Nitatazama chini."

"Haya. Maana hapo ndipo pagumu."

Gari la moshi lilitupita tukiwa njiani, likatuachia moshi na vumbi. Mume wa Bi Swaumu, baba Halfani, hakuligeukia hata kulitazama. Zamani alikuwa kiongozi wa misafara, na tangu Wadachi walipofikisha reli Dodoma yeye alirudi kwenye ufundi wake wa cherehani na kuapa kwamba hapandi kitu kilichomlia riziki yake. Ndiyo maana tulikwenda Buigiri kwa miguu, tukalala Ihumwa, na miguu yangu ya kuposwa ikafika imepauka kama ya mchunga mbuzi.

Sila alikuwa amesimama nje ya tembe la kwao, amevaa shati jeupe la ualimu, mikono hajui aiweke wapi. Macho yetu yalikutana nikasahau mahubiri yote ya Bi Swaumu, nikacheka. Alichukua kibuyu cha maji, akaninawisha mikono polepole kuliko ilivyohitajika.

"Karibu nyumbani, Mwanne," akasema.

Neno hilo "nyumbani" msilipite upesi. Mimi nilikuwa sijawahi kuambiwa na mtu.

Maana kwetu wapi? Mama yangu alikuwa Mgogo aliyepikia wasafiri kwenye kambi ya misafara Mpwapwa, mimi mgongoni. Baba yangu alikuwa mpagazi aliyekwenda bara na mzigo wake na hakurudi. Mmoja aliniambia alikuwa Mnyamwezi, mwingine Mmanyema, na nadhani wote walikisia. Mama alikufa ningali mdogo, na hakuna aliyemjua kwao. Kambini walimwita Bi Riziki, jina la kupewa na wapita njia. Baba Halfani akanichukua, Bi Swaumu akanipokea, na haki ya Mungu hawakunilaza njaa hata siku moja. Lakini sokoni wanawake wa pwani waliniita "kale kagogo ka Halfani," na nikiwasalimia wanawake wa Kigogo kwa lugha yao walipigana makofi wakisema, "Sikieni, Mswahili anajua mbukwa!" Nilikuwa nikirudi nyumbani nina hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Ndipo nikaanza kutunga.

Baba Halfani ni mshairi, naye ndiye aliyenifundisha vina na mizani huku akikata vitambaa. Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia la duka nikipiga pasi na kuughani utungo wangu, bila kujua kuna mteja:

*Huku naitwa mgeni, wale husema si wao,*
*Nibishapo kwa jirani, hufunga milango yao,*
*Nauliza mimi nani, wananipa kimya chao,*
*Wawili hawa walele, mpishi siwaamshe.*

Sauti ya kiume ikauliza, "Fundi, ni nani huyo?"

"Binti yangu," akajibu baba. "Usimsifu, atavimba kichwa."

"Na beti ya mwisho iko wapi?"

Pazia halikunizuia kujibu. "Haipo. Nitaitunga nikishajua mimi ni nani."

"Na huo mstari wa wawili waliolala, umeutoa wapi?"

"Kwa mama yangu. Alikuwa akiniambia hivyo usiku tukilala mkeka mmoja."

"Ajabu. Nahisi kama nilishawahi kuusikia."

"Wanaume wote husema hivyo," nikamwambia, na baba akacheka mpaka akajichoma sindano.

Huyo ndiye Sila. Alikuja kupima shati moja, akarudi kwa shati hilo hilo mara nyingi hata baba akamwambia sasa aoe au ahamie. Mambo ya dini yalikuwepo, siyafichi: yeye mwalimu wa misheni, mimi nimelelewa na watu wa kuswali. Mama yake alisema hataki Mswahili, baba Halfani alisema hataki kanisa. Sila hakubishana na yeyote. Aliwachosha wote kwa upole, mpaka wakakubali angalau wakutane, wale pamoja, watazamane usoni. Baba alitoa sharti moja tu, kwamba mbuzi amchinje yeye kwa mkono wake.

Basi akamchinja. Mama yake Sila, Bi Dorkasi, alisimama kando akitazama, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye msalaba mdogo shingoni. Nilipompa shikamoo aliitika marahaba kwa adabu na kunipima kutoka kichwani hadi kwenye ile miguu yangu iliyopauka. Shemeji yake, Mzee Masima, baba mkubwa wa Sila, ndiye aliyekuwa amekalia kigoda cha kaya tangu baba yake Sila afariki. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, lakini hakikumzuia kusema.

"Binti mzuri," akamwambia baba. "Mfupi kidogo. Lakini mtama mfupi nao unazaa."

Sila akaangalia juu. Mimi nikatazama chini kama nilivyofunzwa, nikiuma midomo nisimjibu.

Nyama nyingine ikiwa bado jikoni, tuliletewa ya kutangulizia, ya kuchoma. Wageni wapewe kwanza. Kwenye sahani yangu palikuwa na vipande vya maini, na juu yake figo zote mbili, nzima, zinang'aa kwa mafuta. Nilizitazama tu. Mimi sili figo. Sijawahi. Nikazisogeza pembeni, nikazifunika kwa tonge la ugali wa uwele.

Bi Swaumu akanifinya paja. "Kula. Wamekupa heshima."

"Siwezi, mama."

"Watasema unaringa."

"Nitatapika hapa hapa, ndipo waseme vizuri."

Tulikuwa tukinong'ona, lakini mama mkwe hana sikio moja. Bi Dorkasi akainua uso. "Haijaiva, mwanangu?"

Hapo ningetabasamu tu. Ningesema nimeshiba safari. Lakini nilitaka anipende, na mtu anayetaka kupendwa husema zaidi ya anachoulizwa.

"Imeiva, mama, na mkono wako ni mtamu. Ni mimi tu. Mama yangu mzazi hakuwa akila figo, nami nikakua hivyo. Akiwapikia watu wa msafara alikuwa akizitoa chunguni kwa kijiti, hazigusi kwa mkono."

Mzee Masima akaacha kutafuna.

"Mama yako mzazi," akasema Bi Dorkasi. "Si huyu?"

"Huyu alinilea. Aliyenizaa alikuwa Mgogo."

Bi Swaumu akafumba macho. Hapo pagumu tulikuwa tumeshapaingia kwa miguu yote miwili.

"Mgogo wa wapi?"

"Sijui, mama. Hakusema. Alikuwa Mpwapwa tu, kambini."

"Alikuwa anasema nini akizitoa?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hizo figo. Alizitoa kimya, au alikuwa na neno?"

Nilitaka kusema hakuwa na neno. Kisha nikamwona mama, si uso wake, uso nimeshausahau, bali mkono wake wenye kijiti na mvuke wa chungu. Na midomo inatembea. Miaka yote niliyakumbuka maneno ya mkekani na kuyasahau ya chunguni, kumbe yalikuwa ni yale yale. Nikayatamka kwa Kigogo kama alivyoyatamka yeye: wawili wamelala, mpishi usiwaamshe.

Bi Dorkasi akadondosha bakuli la maziwa. Hakuna aliyeliokota.

"Nani alikufundisha hayo?"

"Mama. Nilidhani ni wimbo wa kunilaza. Nilidhani wawili ni mimi na yeye."

"Wawili ni figo," akasema Bi Dorkasi, machozi yameanza kumtoka. "Figo mbili za mnyama, ndugu wawili waliolala ubavu kwa ubavu. Ndiyo muzilo wa ukoo wa nyumba hii, mwiko wao. Mimi niliolewa hapa nikaambiwa maneno hayo na mama mkwe siku aliyonipa chungu changu cha kwanza. Hayasemwi popote pengine. Tunawapa wageni figo kwa sababu sisi hatuzili."

Nilitazama sahani zao. Maini, maini, maini. Nilitazama sahani ya Sila. Naye alikuwa ananitazama, rangi imemtoka usoni, nami nikajua amekumbuka siku ile dukani. Aliyasikia kwetu kwa Kiswahili, nimeyavisha vina na kuyakaza mizani, ndiyo maana hakuyatambua. Lakini alikuwa ameyasikia kweli. Aliyasikia jikoni kwa mama yake.

"Kulikuwa na msichana," Mzee Masima akasema taratibu. "Wa ukoo wetu, wa upande wa Kibakwe. Mwaka wa nzige alikwenda na wapagazi, ana mimba. Baba yake akakataza jina lake lisitajwe."

"Alikaa na mimi hapa!" Bi Dorkasi akalia. "Alinilelea Sila alipozaliwa. Kwa ukoo alikuwa wifi yangu. Ana kovu hapa, chini ya kidevu."

"Lilikuwepo," akasema baba Halfani kwa sauti ndogo. "Kovu lilikuwepo."

Bi Dorkasi akanivuta, akanikumbatia kwa nguvu mpaka msalaba wake ukaniumiza kifua. Akaniambia sikioni jina la mama yangu. Sitaliandika hapa, nimelisubiri mno kuligawa. Nitasema tu kwamba nilipolisikia nililia kwa sauti kama mtoto, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba nililetwa duniani na mtu mwenye jina.

Na katika furaha hiyo hiyo, Bi Dorkasi akiwa bado amenishika, Mzee Masima akakohoa.

"Basi mtoto amerudi. Vizuri. Lakini harusi haipo."

"Kwa nini haipo?" baba Halfani akauliza.

"Mtoto wetu ataolewaje na mtoto wetu? Watu wa muzilo mmoja ni ndugu. Sila ni kaka yake."

"Mzee wangu, ukoo si wa baba? Baba yake alikuwa mpagazi wa mbali huko."

"Alileta ng'ombe?"

Baba akatikisa kichwa.

"Alileta hata mbuzi? Mtoto ambaye mama yake hakutolewa mahari ni wa kwa mama yake. Ni wetu."

"Wewe Dorkasi ni Mkristo," Bi Swaumu akaingilia, na wallahi sikutegemea siku moja atautetea Ukristo. "Hayo ya figo si mlishayaacha kanisani?"

Bi Dorkasi akafuta machozi kwa upindo wa kaniki. "Dada yangu, kichwa changu kilibatizwa. Tumbo halikuingia majini."

Nadhani Mzee Masima alinionea huruma kwa namna yake, kwa sababu aliyoyasema baadaye aliyasema kama mtu anayefungua mlango. Akaisogeza ile sahani mbele yangu kwa ncha ya fimbo.

"Hatutamlazimisha. Mtu anajua mwenyewe ni nani. Asiyekula ni wetu. Anayekula ni mgeni. Kama wewe ni binti wa Halfani, kula figo hiyo mbele yetu. Tutajua tulikosea, kovu ni kovu tu, na Sila atakuoa mgeni kama watu wanavyooa wageni. Usipokula, wewe ni mwanetu, na jina la mama yako litatajwa tena katika kaya hii. Lakini mume utafute kwingine."

Nilisimama nikatoka. Sila akanifuata nyuma ya tembe, penye zizi, ambako ndama walikuwa wakilia wanataka mama zao.

"Mwanne."

"Usinishike."

Akarudisha mkono. Tulisimama tukitazamana kama watu waliopotezana sokoni wakaonana ng'ambo ya umati. Upepo wa Ugogo ulikuwa ukipeperusha vumbi katikati yetu.

"Kula," akasema. "Tumbukiza mdomoni, meza, imekwisha. Nyama tu."

"Wewe ungeila?"

"Shuleni walitupikia siku moja. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimeshabatizwa. Nilishindwa hata kuinua mkono. Mwalimu akasema ni ushirikina. Nikamwambia sijui ni nini, ila mwili wangu haujui kusoma."

"Na wangu haujui."

"Lakini ukila nitakuoa. Usipokula nitakuita dada. Mwanne, mimi nitakuitaje dada?"

"Ndilo ninalotaka kukuuliza. Siku ile nyuma ya pazia. Ulisema unahisi kama ulishawahi kuusikia ule mstari. Kilichokurudisha dukani kilikuwa nini? Ulinipenda mimi, au ulisikia jiko la mama yako?"

"Sijui."

"Jibu lingine."

"Sina lingine! Nilisikia sauti ikaniuma hapa." Akajigusa kifua. "Nikaenda nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Nikaiita mapenzi. Ningeiitaje? Na wewe je? Ulinipendea nini?"

Nilitaka kumwambia nilimpendea macho yake, upole wake, namna anavyopinda shingo akisikiliza. Yote ni kweli. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa mwingine, na kwake sijawahi kuweza kusema uongo.

"Nilipokuona nilihisi nimefika," nikasema. "Miaka yote nabisha milango, nikakuona wewe nikahisi nimefika. Sasa sijui nimefika kwa mume au nimefika kwa ndugu. Nimechanganyikiwa, Sila. Nilidhani mtu akijua yeye ni nani moyo hutulia. Mbona mimi ndiyo kwanza sijielewi?"

"Asubuhi, nilipokunawisha mikono," akasema polepole. "Nilikutazama kama ndugu?"

Uso ukanipata moto. "Hapana."

"Na wewe ulinitazama kama ndugu?"

"Hapana."

"Basi hilo tunalijua. Tusilolijua ni mengine yote."

Nikacheka nikilia. Huo ndio ubaya wa kumpenda mtu anayejua kuongea.

"Nichagulie," nikamwomba. "Wewe ni mwalimu. Niambie nifanye nini, nami nitafanya."

Niliona anavyotaka kusema neno moja, lile lile la kwanza, kula. Lilikuwa midomoni mwake kabisa. Akalimeza.

"Siwezi kukuchagulia mama yako," akasema. "Nikikuchagulia leo, utanichukia kesho, na utakuwa na haki."

Tuliporudi ndani hakuna aliyekuwa amekula. Bi Swaumu alikuwa ameketi karibu na Bi Dorkasi, wameshikana mikono, hao hao ambao asubuhi walisalimiana kwa pembe ya jicho. Sahani ilikuwa pale pale. Mafuta yalikuwa yameganda.

Nilipiga magoti. Nikaondoa lile tonge nililozifunikia. Nikachukua figo moja kwa vidole, ilikuwa baridi na nyepesi, nikaiinua. Nilimfikiria Sila na nyumba ambayo tungekuwa nayo karibu na shule. Nilifikiria watoto, na kwamba siku moja wataniuliza bibi yao aliitwa nani, na mimi nitakuwa nimelirudisha lile jina mahali nilipolitoa. Mkono ukafika kidevuni ukasimama. Si kwamba niliusimamisha. Ulisimama wenyewe.

Nami niliyekuwa nimejiapiza kufungua kinywa kwa kula tu, nikakifungua, ikatoka ile beti ya mwisho niliyoitafuta tangu utoto:

*Muda nimewatafuta, mama na ukoo wangu,*
*Leo nimeshawapata, napoteza penzi langu,*
*Mkono wangu wasita, hauji kinywani mwangu,*
*Wawili hawa walele, mpishi siwaamshe.*

Niliirudisha figo kando ya mwenzake. Nilimwona baba Halfani, machozi yanamtiririka ndevuni, vidole vyake vinagonga goti kuhesabu mizani. Hakupata kosa.

"Ni wetu," Mzee Masima akasema, na hakusema kwa furaha.

"Nisamehe," nikamwambia Sila. Sikuweza kumtazama. Nilisubiri aniite dada, nilijikaza kulipokea neno hilo kama mtu anayesubiri kutolewa mwiba. Badala yake nilisikia anachuchumaa kando yangu.

"Baba mkubwa," akasema, "rudia ulivyosema."

"Nilivyosema lini?"

"Asiyekula ni wenu. Anayekula?"

"Ni mgeni," akajibu mzee, kabla hajajua anaulizwa nini.

Sila akaichukua ile figo niliyoirudisha mimi. Bi Dorkasi akapiga yowe, akaliita jina lake, lile la ubatizo na lile la nyumbani, yote mawili kwa pamoja. Sila aliitia mdomoni. Akatafuna. Mwili wake wote ukakataa, mabega yakapanda, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakajaa maji, lakini alifunga midomo akatafuna mpaka akameza. Kisha akaweka mikono yake miwili yenye mafuta juu ya magoti, akainamisha kichwa.

"Sasa mtoto wenu ni mmoja," akasema. "Mimi nimekuja kuposa."

Mzee Masima alisimama, akaokota fimbo yake. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeibiwa mbele ya macho yake na hajui apige kelele za mwizi au za pongezi. Akatoka nje bila kuaga, na tukamsikia huko zizini akiwafokea ndama. Sahanini ilibaki figo moja peke yake.

Hata mimi sikujua nihisi nini. Sikujua kama nimepewa mume au nimemwibia mama mtoto wake siku ile ile aliyonipa mama yangu. Nilimtazama Bi Dorkasi nikiogopa. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anamtazama mwanawe kama anayemkariri. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya mama mwenye kaya anayemtuma binti yake kazi ya kila siku.

"Mwanangu, mgeni ana mafuta mikononi. Mpe maji anawe."

Nikachukua kile kibuyu. Nikamimina polepole kuliko ilivyohitajika, yakamwagikia vidole vyake, yakaingia udongoni.

"Karibu nyumbani," nikamwambia.